Kati ya Wawindaji na Droni kwenye Ghuba ya Matete

Nilirudisha funguo za boti siku ya Ijumaa, mwishoni mwa Mei, nikasaini karatasi mbili na kupanda basi kurudi Jakobsberg. Jumatatu yake niliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, nikavaa, nikafika hadi mlangoni, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna anayenisubiri. Nikarudi kukaa mezani na koti langu mwilini. Asubuhi hiyo ndiyo nilianza kuandika haya, na nimeyaandika kidogo kidogo mpaka Agosti.

Ninawaandikia ninyi vijana wa Kiswahili mlioingia kwenye kazi za nje hapa Stockholm na miji ya jirani, mnaofyeka, mnaotengeneza njia za mbao, mnaoangalia hifadhi. Mlipokuwa wachache mlinipigia simu mmoja mmoja. Sasa mmekuwa wengi, nami nimechoka kurudia maneno yale yale. Mishahara na vyeo sitavigusa. Barua za vyeo ziko kabatini chini ya mashuka, na zikae huko huko.

Mimi nilizaliwa Morogoro. Nilikuja Sweden kwa kozi ya misitu ya miezi tisa, nikakutana na Daudi, Mtanzania mwenzangu aliyekuwa anajifunza kuendesha mabasi, na miezi tisa ikawa maisha. Kwa miaka kadhaa nilifanya usafi shuleni huku vyeti vyangu vya misitu vikipauka ndani ya bahasha. Kisha nikaona tangazo: anatafutwa mtu wa kukata matete na kupaka rangi mabenchi kwenye hifadhi ya ndege, upande wa ziwa Mälaren, nusu saa kwa basi kutoka kwetu. Kwenye usaili alikaa mzee mmoja mwembamba aitwaye Birger, mwangalizi wa hifadhi ile. Aliniuliza swali moja tu.

"Unaogopa maji baridi?"

"Sijui bado," nikamwambia.

Akaandika kitu kwenye karatasi yake, nikapata kazi.

Siku ya kwanza Birger alinipa suruali ya mpira, ile iliyoungana na mabuti na kupanda hadi kifuani, saizi ya mwanamume mrefu. Nikaingia nayo majini, nikateleza, nikaanguka chali katikati ya matete. Birger hakunikimbilia. Aliangalia saa yake.

"Dakika kumi na moja," alisema. "Mimi siku yangu ya kwanza nilianguka baada ya nne."

Kwa heshima nilizokuzwa nazo, mtu wa umri wake ningemwita Mzee. Huku kila mtu anaitwa jina lake, hata bosi, hata daktari. Nilimwita Birger mdomoni na Mzee Birger moyoni kwa miaka kumi na mmoja, mpaka tulipomzika.

Yeye ndiye aliyenifundisha vifaa. Andikia penseli, maana kalamu ya wino hugoma kwenye baridi. Funga darubini kifuani kwa mikanda miwili, usiining'inize shingoni, shingo yako utaihitaji uzeeni. Kwenye matete zima injini utumie upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, kwa sababu mizizi hula panga la injini na kelele huwatoa ndege kwenye mayai. Na daftari. Jioni ya juma la kwanza alisoma daftari langu, akafuta mistari mitatu kwa kifutio.

"Hapa umeandika kwamba yule mtu alikuwa na nia mbaya," alisema. "Ulimwona akifanya nini?"

"Alikuwa anatupa mawe kwenye kiota."

"Basi andika mawe. Nia kaandike nyumbani."

Kama mna haraka, someni sentensi hiyo mara mbili mfunge karatasi. Yanayobaki ni mifano.

Sasa muielewe ghuba yenyewe. Nusu yake ni hifadhi: humo hakuna kuwinda, na droni hairuhusiwi kurushwa bila kibali. Nusu ya pili ni maji ya watu binafsi, na tangu zamani kikundi cha wawindaji kinawinda bata mwitu humo kihalali, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi baridi inapokaza. Kati ya nusu hizo mbili kuna vigingi vya njano majini. Kila majira ya kuchipua nilivipaka rangi upya, na kila mwaka kuna mtu aliyeapa kwamba nimevisogeza.

Kiongozi wa wawindaji ni Kjell, fundi bomba, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya maji. Birger alipostaafu nami nikashika nafasi yake, Kjell alinisubiri gatini na bata aliyekufa mkononi.

"Wewe ndiye mwangalizi mpya?"

"Ndiye mimi."

Akaninyanyulia yule ndege mbele ya uso. "Haya, huyu ni nani?"

Nikamwangalia ndege, si yeye. "Jike la bata mwitu wa kawaida, amezaliwa mwaka huu. Na leseni yako ya uwindaji iko mfuko upi?"

Ilikuwa kwenye gari. Akaifuata, mwendo wa dakika ishirini kwenda na kurudi, nami nikamsubiri. Baada ya hapo hakunipima tena, ila pia hakunisahau.

Miaka mingi ilipita hivyo, kwa amani ya kununiana. Kisha zikaja droni.

Kikundi cha watetezi wa wanyama kilikuwa na watu saba, na aliyerusha droni alikuwa Linnea, muuguzi wa wanyama kwenye kliniki, mkazi wa Fisksätra. Alivuka jiji zima kwa treni na mabasi, mkoba wa droni mgongoni, ili saa kumi na moja alfajiri awe ameshafika kwenye njia ya umma pembeni ya ghuba. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba anacheza. Alikuwa ameona kliniki bata wenye marisau, zile punje za bunduki, mwilini, waliopigwa wakakosa kufa, na alitaka watu waone wanavyoachwa kwenye matete.

Asubuhi ya kwanza simu yangu iliita mara mbili ndani ya dakika moja. Kwanza Kjell.

"Kuna kitu kinanguruma juu ya kichwa changu, Vero. Nilikuwa kichakani najisaidia. Kimenisimamia."

Kisha Linnea. "Wananinyooshea bunduki."

Nilipofika, kila upande ulikuwa umesimama ukingoni kwake unapiga kelele juu ya maji. Nikaenda kwa Kjell kwanza kwa sababu ndiye mwenye bunduki. Nikamwambia afungue mtutu na atoe risasi. Akafungua. Kisha nikazunguka kwa miguu hadi kwa Linnea.

"Mimi sirekodi watu," alisema. "Narekodi bata."

"Umemrekodi mtu akijisaidia."

Uso ukamwiva. Akafuta kipande hicho mbele yangu, na hilo niliandika. Niliandika pia kwamba hakuna bunduki niliyoiona imeelekezwa kwa mtu.

Msimu wa pili mambo yakaharibika. Mmoja wa wenzake Kjell aliipiga droni. Nilisikia mlio mmoja uliochelewa kuliko mingine, nikaona kitu kinaanguka kikizunguka kama jani. Wote wakakimbilia maji. Wawindaji walitaka kadi ya kumbukumbu iliyo ndani yake, kwa sababu walikuwa wamerekodiwa bila ridhaa. Watetezi waliitaka kwa sababu ni mali yao na ni ushahidi. Mimi nilikuwa na boti. Nikaenda kwa upondo polepole, nikaiokota, nikasoma mahali ilipoangukia kwenye kipimo cha satelaiti, nikaitia kwenye mfuko na kuufunga kwa plastiki yenye namba mbele yao wote.

"Nipe, Vero," Kjell alisema kutoka ukingo wa kulia.

"Hiyo ni yangu," Linnea alisema kutoka ukingo wa kushoto.

"Inakwenda polisi," nikasema, nikaelekea gatini.

Aliyepiga alikwenda polisi mwenyewe siku ya tatu akakiri, na bunduki yake ikachukuliwa kwa muda. Lakini vipimo vyangu vilionyesha kwamba droni iliangukia ndani ya vigingi vya njano, yaani ilikuwa inaruka juu ya hifadhi, na Linnea naye akapigwa faini. Ndani ya juma moja picha yangu ikawa mtandaoni, chini yake imeandikwa kwamba mimi ni mlinzi wa wauaji. Juma hilo hilo nikapata barua nyumbani, bila jina, ikisema ninalea wahuni wa droni na kwamba nirudi nilikotoka.

Niliiweka ile barua mezani wakati wa chakula. Neema, binti yetu, aliisoma, akasema kwa Kiswidi kwamba mwandishi amekosea herufi mbili kwenye sentensi moja. Huyo mtoto nikimsemesha Kiswahili hujibu Kiswidi tangu ana miaka minne, na siku hiyo niliona hakuna lugha iliyofaa zaidi.

Daudi hakucheka. "Mama Neema, acha kazi hiyo," alisema. "Hata mimi kwenye basi natukanwa, lakini mimi nina kibanda na mlango wa kufunga. Wewe unasimama katikati ya maji."

Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri usiku mmoja, nikaenda kazini.

Msimu uleule watetezi walitangaza kwamba Kjell na wenzake wanatumia marisau ya risasi, madini yale yenye sumu ambayo hayaruhusiwi tena kwenye maeneo ya maji. Hapo nitawafundisha kitu. Bebeni sumaku ndogo. Usipime ganda lenyewe, maana kitako cha ganda kinaweza kuwa na chuma, kikakudanganya. Pima punje zilizo ndani, au zile unazozitoa kwenye nyama. Chuma kitarukia sumaku, risasi haitasogea. Punje zisiporuka, usikimbilie kumshtaki mtu, kwa sababu kuna madini mengine yanayoruhusiwa ambayo nayo hayavutwi, peleka maabara. Nilimwomba Kjell anipasulie kwa kisu maganda matano yasiyopigwa, niyachague mimi kwenye mkanda wake. Nilipasua pia bata wawili waliookotwa upande wetu. Kila punje iliruka. Nikaandika kwamba ni chuma, nikawatumia watetezi nakala.

Juma lililofuata Linnea alileta video iliyopigwa kihalali kutoka nje ya vigingi: bata amepigwa bawa, anaogelea kuingia kwenye matete, na wawindaji wawili wanamwangalia kisha wanageuka kwenda kunywa kahawa. Sheria inasema mnyama aliyejeruhiwa lazima atafutwe. Nikaiandika hiyo pia, nikaipeleka polisi. Kjell hakunisalimia mpaka Krismasi.

Sasa nifike kwenye siku ambayo watu huniuliza habari zake.

Ilikuwa Novemba ya msimu wa tatu, asubuhi, saa tatu na dakika kumi. Ukingoni kulikuwa na barafu nyembamba kama kioo cha saa. Simu ikaita, nikaona jina la Kjell, nikajiandaa kwa kelele. Alizungumza polepole.

"Tyra amepotea."

Tyra alikuwa mbwa wake wa kuokota ndege, mwekundu, masikio marefu, wa miaka tisa. Alimfuata bata aliyejeruhiwa akavuka vigingi na kuingia kwenye matete ya hifadhi. Walimsikia akibweka, kisha akilia, kisha kimya. Ilikuwa imepita nusu saa.

Matete yale ni marefu kuliko mtu na yameenea karibu kilomita nzima. Ndani yake kuna tope lisilo na chini. Nilimpakia Kjell kwenye boti tukaenda kwa upondo, yeye akipuliza filimbi. Kila baada ya muda aliacha kupuliza ili tusikilize. Hatukusikia kitu isipokuwa barafu ikivunjika chini ya boti. Mbwa kwenye maji ya namna ile hana saa nyingi. Nilipiga simu ya dharura. Wakasema watatuma watu wa zimamoto, lakini wako mbali, na wakauliza mbwa yuko wapi hasa. Hilo ndilo tulilokuwa hatulijui.

Tulirudi ukingoni. Kwenye njia ya umma, kwenye benchi nililolipaka rangi mwenyewe, alikuwa amekaa Linnea. Asubuhi ile alikuwa ameruka nje ya vigingi kama sheria inavyotaka, ameshatua, mkoba uko miguuni. Nilijua kilichokuwa ndani: mwaka huo walikuwa wamenunua droni yenye kamera ya joto, inayoona mwili wenye uhai hata ndani ya majani.

Nilipiga simu kwenye ofisi inayotoa vibali. Sauti ya mashine ikaniambia kwamba mimi ni wa kumi na nne kwenye foleni.

"Kjell," nikasema, "nenda kamwombe."

"Siwezi."

"Basi nitamwomba mimi, lakini utasimama kando yangu."

Tukaenda. Linnea alituona tunakuja akasimama. Nikamweleza kwa maneno machache. Alisikiliza huku anamwangalia Kjell, sio mimi.

"Kwa hiyo leo droni ni nzuri," alisema.

Kjell alikuwa ameshika filimbi kwa mikono miwili. "Leo ni Tyra," alisema. "Nakuomba."

Linnea akanigeukia. "Nikiruka humo utaniandikia faini tena?"

"Nitaandika kwamba umeruka. Na nitaandika kwamba mimi ndiye niliyekuamuru."

Alikuwa ameshapiga magoti kufungua mkoba kabla sijamaliza.

Nilimwangalia akiipandisha. Kwenye kioo cha kidhibiti, matete yote yalikuwa ya kijivu. Bata walionekana kama punje nyeupe zilizomwagwa, zikatawanyika droni ilipopita, na moyo wangu uliuma kwa sababu miaka yote nilikuwa nimelinda utulivu wao. Kulungu mmoja alikuwa amelala kwenye kisiwa kikavu. Kisha, ndani kabisa, alama moja ndogo hafifu, haisogei.

"Ni kichwa tu," Linnea alisema. "Mwili uko kwenye maji. Nendeni."

Nilisukuma boti kama sijawahi kusukuma, na nilikuwa na miaka sitini na mmoja. Kjell alikuwa mbele na simu sikioni, na sauti ya Linnea ikatoka humo: kushoto, kushoto zaidi, mbele, umepita, rudi. Matete yalitupiga usoni. Kisha Kjell akasema, "Namuona," akaruka.

Alizama hadi kifuani. Tyra alikuwa amekwama kwenye tope hadi shingoni, mguu wa mbele umenaswa kwenye waya wa uzio wa zamani, ulioachwa huko tangu enzi za ng'ombe. Macho yalikuwa wazi ila hayakutuangalia. Nililaza upondo kuanzia boti hadi kwenye mashina ya matete ili Kjell apate pa kujishikia, nikamkamata koti mgongoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikampa koleo langu la kukatia waya. Alikata mara tatu. Tukamvuta mbwa kwanza, kisha nikamvuta yeye, na mpaka leo bega langu la kulia linakumbuka uzito wake.

Hatua tatu kutoka pale alikuwepo yule bata, yuko hai, bawa moja limelala majini.

Kjell alimtazama. Alijua kwamba droni iko juu yetu. Alimchukua, akanigeuzia mgongo, akamwua kwa mkono, haraka, kama inavyotakiwa, akamweka ndani ya boti. Simu ilikuwa bado wazi. Humo Linnea akatuelekeza njia ya kurudi.

Ukingoni alitupokea na koti lake limeshavuliwa. Alimkausha mbwa, akamshika fizi, akamsikiliza kifua kwa sikio, akamfunga kwa koti na kwa blanketi ya gari la Kjell. Kjell alikuwa anatetemeka kwa baridi, anaiangalia mikono ya Linnea.

"Anahitaji kliniki sasa hivi," Linnea alisema. "Wewe endesha. Mimi nitakaa naye nyuma, nitakuelekeza."

Wakaondoka kwenye gari moja, mwindaji kwenye usukani na mtetezi kiti cha nyuma na mbwa mapajani. Nilibaki peke yangu gatini na boti, droni ya watu na bata aliyekufa. Watu wa zimamoto walifika, wakaniuliza ni nani anayehitaji msaada. Niliwapa kahawa iliyobaki kwenye chupa.

Tyra alipona. Mguu ulibaki mgumu kidogo.

Jioni hiyo nikaandika ripoti. Ilikuwa kurasa mbili. Niliandika saa, upepo, mahali, na kwamba mwangalizi wa hifadhi, yaani mimi, aliamuru droni irushwe juu ya hifadhi bila kibali, akijua kanuni. Niliandika idadi ya makundi ya bata yaliyotimuliwa. Sikuandika nilivyojisikia. Asubuhi nikaiweka mezani kwa mkuu wa idara yetu, mama mmoja makini sana.

Alisoma hadi mwisho. "Vero, hakuna aliyelalamika," alisema. "Ungeweza kuacha."

"Linnea nilimwandika kwa kosa hilo hilo."

Akasema basi itabidi anipe onyo la maandishi. Nikamwambia ndiyo, itabidi. Onyo hilo silo lililo kabatini chini ya mashuka. Hilo nimelitia kwenye fremu, liko ukumbini, na wageni wa kanisani hudhani ni cheti.

Baada ya miezi kadhaa kanuni za hifadhi yetu ziliongezewa aya moja: kwamba mwangalizi aweza kuruhusu droni hapo hapo iwapo mtu au mnyama wa kufugwa yuko hatarini. Aya hiyo niliiandika mimi, na walibadilisha koma moja tu. Katika kazi yangu yote hakuna maneno ninayojivunia kuliko hayo.

Msitarajie kwamba Kjell na Linnea wakawa marafiki. Agosti iliyofuata walizomeana kama kawaida. Ila niliwaita kwenye chumba cha maktaba ya Jakobsberg, nikawawekea kahawa na maandazi yangu, na kwa saa tatu wakabishana mpaka tukapata karatasi. Droni itakaa chini, ukingoni, mpaka saa ya kumaliza kupiga. Saa hiyo ikifika, bunduki zinafunguliwa na kutolewa risasi, na droni inapanda juu ya upande wa wawindaji, kuwatafuta waliojeruhiwa, na mbwa wanatumwa pale inapoonyesha. Linnea alisema, "Nasaini kwa ajili ya bata, sio kwa ajili yako." Kjell alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Wawindaji wawili walijitoa kikundini kwa hasira, na watetezi watatu pia. Lakini bata wanaofia kwenye matete wamepungua; hilo nimeliona kwa macho yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwaokota.

Mwaka wangu wa mwisho nililetewa mtu wa kumfundisha: Yvette, mzaliwa wa Bukavu aliyekulia Södertälje, miaka thelathini na mmoja, fundi wa umeme aliyechoka kukaa ndani. Siku ya kwanza alisikiliza mabishano ya gatini, akaninong'oneza kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, hawa watu banagombana juu ya bata tu?"

"Wanagombana juu ya nani mwenye haki ya kutazama," nikamwambia. "Bata hawajaulizwa."

Alicheka. Lakini kesho yake alikuja na maswali kumi na mawili, ameyaandika kwa penseli. Nilimpa suruali ya mpira ya saizi yake, maana tabia nyingine za kazini hazina haja ya kurithishwa. Msimu mzima nilimwacha asimame mbele mimi nikiwa nyuma, na mara ya kwanza Kjell alipompandishia sauti, Yvette alimwacha amalize, akamuuliza, "Sasa niambie ulichokiona." Nilijifanya ninafunga kamba.

Juma lililopita msimu ulifunguliwa. Daudi alitaka kuona kile kilichonichukua asubuhi zote hizo, nikampeleka kwenye mnara wa kutazamia ndege, mimi kama raia wa kawaida, na chai na chapati. Tulikuwa hatujamaliza kikombe cha kwanza simu ikaita.

"Vero," Kjell alisema, "droni iko juu, na saa bado haijafika."

"Mimi nimestaafu, Kjell."

"Najua. Lakini wewe huwa unakuja."

"Namba ya Yvette unayo."

Nilisikia wenzake wakibishana nyuma yake. "Na yeye atakuja?" aliuliza.

Nikainua darubini. Boti ilikuwa imeshapita gati, inakwenda bila haraka ukingoni mwa matete, Yvette amesimama wima ndani yake anaangalia juu kisha anaandika.

"Ameshatoka," nikamwambia. "Nilimfundisha mimi."